Ficha AC, tanki na mtungi, ila acha hewa ipite: majibu kwa wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka Mikocheni, Sinza, Tabata, Kigamboni, Temeke, Kunduchi na Mbagala, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa namna tofauti. Vitu vilivyofungwa nje ya nyumba vinaharibu sura, tuvifiche vipi? Na vile visivyo na pa kukaa, tuviwekee stoo wapi? Katika kila jibu tumetumia kipimo kimoja. Kifaa cha nje kinahitaji hewa, kinahitaji mvua imwagike ipite, na kinahitaji fundi akifikie na spana yake bila kubomoa kitu. Pazia, yaani kizuio chochote cha kuficha kifaa, linalonyima hata kimoja kati ya hivyo vitatu hatulipendekezi, hata liwe zuri kiasi gani.

Mhariri, salaam. Tuna AC mbili, ya BTU 12,000 na ya 18,000. Mashine zake za nje zimekaa pembeni ya mlango wa sebuleni, kila mgeni anaziona. Seremala ametutengenezea boksi la mbao zilizobanana, lina mfuniko tunaoweka vyungu vya maua. Tangu liwekwe, sebule haipoi mchana na umeme wa LUKU unakwisha haraka. Fundi wa AC anasema gesi imeisha, tujaze. Tufanyeje? (Msomaji, Mikocheni)

Msijaze gesi bado. Gesi ya AC inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Ikipungua, maana yake kuna mahali panavuja, na hapo panatafutwa na kuzibwa kwanza. Kuongeza gesi kwenye mashine ambayo tatizo lake ni hewa kunapandisha presha na kuichosha kompresa zaidi.

Anzeni na boksi. Ondoeni mfuniko na ubao wa mbele, endesheni AC kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana, muone kama sebule inapoa. Mkiwa na kipimajoto cha kawaida, kiwekeni nyuma ya mashine ya nje, upande inakovutia hewa, kisha linganisheni na hewa ya kivulini hatua chache kutoka hapo. Tofauti ikizidi nyuzi 3, mashine inavuta tena hewa ya moto iliyotoka kuitema yenyewe.

Kinachotokea ndani ya boksi ni hiki. Feni inavuta hewa kwa nyuma na ubavuni, inaipitisha kwenye mapezi ya aluminiamu yaliyobeba joto la chumba chenu, halafu inaitupa kwa mbele ikiwa moto. Ikikutana na mbao zilizobanana, hewa hiyo inagonga, inageuka, inazunguka juu chini ya mfuniko na kurudi kule nyuma. Dar es Salaam kuanzia Desemba hadi Machi hewa ya mchana yenyewe inafika nyuzi 31 au 32. Mashine inayolishwa hewa ya nyuzi 42 inafanya kazi muda mrefu zaidi kwa ubaridi uleule, na siku ya joto kali kinga yake inaizima kabisa ili kompresa isiungue. Ndiyo maana mchana haipozi na usiku inajikongoja.

Boksi likae wazi juu, moja kwa moja. Vyungu vya maua vihamie kwenye kibaraza. Nyuma, kati ya mashine na ukuta, pabaki sentimita 15. Ubavu usio na mabomba uachiwe sentimita 30, na ubavu wenye vali na mabomba uachiwe 50, maana hapo ndipo fundi anapopiga magoti kufunga geji zake za kupimia presha. Mbele, pazia lisimame sentimita 60 kutoka kwenye feni. Mashine nyingi za ukubwa wenu zina upana wa sentimita 80 hivi na kina cha 30. Kwa mbili zilizopangwa bega kwa bega, pazia la mbele litakuwa na urefu wa karibu mita 2.9. Ni refu, tunajua. Kama nafasi haitoshi, kuihamisha moja ubavuni mwa nyumba kuna faida kuliko kuzibana mbili pamoja.

Sasa mpangilio wa mbao, maana hapa ndipo maseremala wengi wanapokosea. Msizilaze bapa zikiwaangalia. Chukueni mbao za inchi 1 kwa 3 zilizopigwa randa, zisimamisheni wima, na zigeuzeni ili ubavu mwembamba, ule wa sentimita 2, ndio uwe mbele, na upana wa sentimita 7 uingie ndani. Kati ya mbao na mbao acheni sentimita 6. Anayesimama kulitazama pazia uso kwa uso ataona mashine, lakini anayekuja kutoka getini kwa pembeni ataona mbao tupu, kwa sababu upana wake unaziba mwanya. Hewa nayo inapita robo tatu ya eneo lote, tena inakwenda moja kwa moja bila kugeuzwa. Kwa mita 2.9 mtahitaji mbao 36 za urefu wa sentimita 80, zianzie sentimita 10 juu ya sakafu ili majani na maji yapite chini.

Zifungeni mbao hizo kwenye fremu mbili au tatu zinazoning'inia kwa ndoano au kufungwa na bolti za kipepeo, ili mtu mmoja aweze kuing'oa fremu kwa dakika moja. Fundi akikuta pazia limegongomelewa misumari, atafanya usafi wa juujuu na kuondoka. Mapezi yanahitaji kuoshwa kwa maji baridi ya presha ndogo kila baada ya miezi mitatu, na wale walio karibu na bahari kila mwezi, baada ya kuzima swichi kuu. Jambo jingine: msifunike pazia kwa wavu wa mbu. Vumbi na nyuzi za nguo huuziba mapema sana, mkarudi mlikotoka.

Wataalamu, shikamooni. Mimi ni mpangaji. Nyumba haina stoo. Kati ya ukuta wa chumba na fensi kuna kichochoro cha sentimita 120, ndipo ninapoweka mabeseni, ndoo, mafagio, mpira wa maji na viatu vya mvua. Nataka kabati la nje litakaloondoka nami nikihama. La kwanza lililiwa na mchwa, likafumuka na milango ikagoma kufunga. (Msomaji, Sinza)

Marahaba. Maelezo yako yanaonyesha makosa matatu: mbao ziligusa ardhi, ubao ulikuwa wa ungaunga wa mbao uliogandishwa, na milango ilikuwa ubao mzima usiopumua. Ubao wa aina hiyo ukae chumbani. Nje ya nyumba Dar es Salaam hauhitaji hata kunyeshewa, unyevu wa hewa peke yake unatosha kuuvimbisha kingo.

Tunakupa vipimo kamili umpelekee seremala. Kabati liwe na upana wa sentimita 180, kimo 150 na kina 40. Ukitoa mwanya wa sentimita 5 nyuma yake na unene wa milango, kichochoro kitabaki na njia ya karibu sentimita 70, na hapo kuna jambo linalosahaulika hadi siku ya kufunga bawaba. Ukiweka milango miwili mikubwa, kila mmoja utakuwa na upana wa karibu sentimita 89, na utagonga fensi kabla haujafunguka. Weka milango minne ya sentimita 44.5.

Kwa kiwiliwili nunua plaiwudi ya marini ya milimita 18, ile nyeusi au ya kahawia inayotumika kumwagia zege, shiti mbili za futi 4 kwa 8. Kila shiti ipasuliwe kwa urefu vipande vitatu vya sentimita 40. Vipande viwili vya shiti ya kwanza vinatoa ubao wa juu na wa chini, kila mmoja sentimita 180. Cha tatu kinatoa ubavu wa sentimita 146.4 na rafu moja ya 87.3. Shiti ya pili inatoa ubavu wa pili na rafu, ubao wa katikati na rafu, na kipande cha mwisho kinabaki kwa rafu mbili zaidi. Upande wa kulia usiweke rafu zote. Acha nafasi ndefu ya mafagio na ngazi fupi.

Uso wa ubao huu una ngozi isiyopitisha maji, ila kingo zilizokatwa ziko wazi na zinakunywa maji kwa haraka. Kila kingo ipakwe rangi ya mafuta mikono miwili kabla ya kuunganisha, zikiwemo zile zitakazojificha ndani ya maungio. Mwambie seremala mapema, kwa sababu akishagongomelea hatarudi nyuma. Mgongo wa kabati usiuzibe kwa ubao. Tandaza wavu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, panya hapiti na hewa inapita.

Milango itengenezwe kwa mbao za 1 kwa 3 za msonobari uliotiwa dawa kiwandani, zile zenye rangi ya kijani kwa mbali. Kila mlango unakula mbao tano za wima za sentimita 149, mwanya kati yake uwe sentimita moja na nusu hivi, zishikwe kwa nyuma na mbao tatu za kulala na mbili za mshazari. Mshazari uanzie chini upande wa bawaba na kupanda kuelekea upande wa komeo. Ukiwekwa kinyume hausaidii kitu, mlango utalegea na kuburuza chini. Kwa milango yote minne nunua mbao 13 za futi 12. Kila ubao unatoa vipande viwili vya wima na kimoja cha kulala, na hesabu hiyo inaacha akiba kidogo.

Mbao za dawa zina sharti lake. Dawa haifiki kwenye kiini chote, hivyo kila ncha iliyokatwa ipakwe tena dawa ya mbao kwa brashi. Vipande vinavyobaki visiingie jikoni hata kidogo. Dawa ile ya kijani mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, na moshi wake ni sumu, majivu yake pia. Na ile desturi ya kupaka oili chafu ya gari ili kufukuza mchwa tunaipinga: inakaa juujuu, inachafua nguo na mikono, na mvua inaishusha ardhini pamoja na madini mazito iliyoyabeba kutoka kwenye injini.

Kabati lisimame juu ya tofali sita za inchi 6, zilizolazwa ili ziinue kabati sentimita 15. Kati ya tofali na ubao weka kipande cha nailoni nzito ya msingi. Kutoka ukutani acha sentimita 5. Nafasi hizo ni za macho yako. Mchwa wa ardhini hatembei hadharani, anajenga njia ya udongo kupanda juu ya tofali, na ukiiona mapema unaivunja na kutafuta inakotoka. Kabati lililobanana na ukuta linaliwa kwa nyuma hadi siku rafu inapodondoka.

Juu weka bati. Moja la mita 2, geji 28, linakatwa vipande vitatu vya sentimita 55, migongo ya bati ishuke kuelekea mbele, na mteremko uwe wa sentimita 5 kutoka nyuma hadi mbele. Bati litokeze sentimita 10 mbele ya milango. Bawaba tatu kwa kila mlango, zisizo za chuma cheusi. Kwa kuwa nyumba si yako, kabati lisimame lenyewe, lishikwe na ukuta kwa vyuma viwili tu vya pembe na skrubu za fisha, ili watoto wakiningʼinia kwenye mlango lisiwaangukie. Ukihama, unaziba matundu manne kwa saruji.

Usiliweke chini ya dirisha wala kuligusisha fensi. Kabati la kimo cha mita moja na nusu ni ngazi tayari kwa mwizi.

Tanki letu la lita 2,000 liko juu ya mnara wa chuma na linaonekana kutoka barabarani. Tulilipaka rangi ya nyumba, sasa inabanduka mabaka mabaka. Mume wangu anataka lizungushiwe mabati, mimi nataka miti. Mtusuluhishe. (Mama, Tabata)

Mama, rangi ingebanduka tu hata mngepaka ya bei gani. Plastiki ya matanki haishikani na rangi, na jua la kila siku linailegeza zaidi. Msiikwangue kwa msasa wala kuisugua kwa tina. Brashi ya plastiki na maji ya sabuni vinatosha kutoa iliyokwisha kulegea.

Mabati tunayakataa kwa sababu ya upepo. Pazia la mita 2 kwa 2 ni eneo la mita za mraba 4, na likiwa halina upenyo, upepo wa kusi unalisukuma kama tanga la jahazi, na msukumo wote unakwenda kwenye mnara ambao tayari umebeba tani 2 za maji. Mnara ulikokotolewa kwa uzito unaokwenda chini, haukupangiwa kusukumwa ubavuni.

Fremu nyepesi ya mabomba ya mraba yenye mbao za wima, nusu mbao na nusu mwanya, inafaa. Ifungwe kwenye miguu ya mnara kwa bolti za umbo la U. Msikubali ichomelewe, moto wa kuchomelea unaunguza rangi ya kinga kwenye nguzo yenyewe, na kutu itaanzia hapo. Fremu isiguse tanki popote. Acheni sentimita 15 kuzunguka, na upande wenye vali na bomba la kujazia uwe mlango. Juu pabaki wazi ili mfuniko ufunguke na mtu aweze kusafisha. Fundi akiwa juu, mwambieni azibe bomba la kumwagia maji ya ziada kwa wavu mdogo. Mbu anayeeneza dengue anapenda maji safi yaliyotulia, na tanki lenye tundu wazi linamfaa sana.

Miti nayo ina nafasi yake, chini. Ashoki hukua wima bila kutanuka, hivyo hufaa kwenye viwanja vyembamba. Ipandwe mita moja na nusu kutoka kwenye msingi wa nyumba na mbali na karo la maji taka. Mmea wa kutambaa usiupandishe mnarani, unaficha kutu na unakuwa njia ya sisimizi na panya hadi kwenye maji. Kwa hiyo wote wawili mmepata: fremu juu, miti chini.

Naomba kuuliza kuhusu mtungi wa gesi wa kilo 15. Nimeuweka nje nyuma ya jiko kwa usalama, lakini unaonekana vibaya. Nina kabati la bati lenye kufuli, ndani kuna mkaa, rangi na petroli kidogo ya jenereta. Naweza kuuingiza humo? Na jenereta yenyewe naweza kuijengea kibanda? (Msomaji, Kigamboni)

Hapana, kaka. Toa petroli na rangi humo leo.

Kuweka mtungi nje ni uamuzi mzuri. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inatambaa chini na kukaa kwenye shimo, kwenye mtaro au ndani ya kabati lisilo na matundu, ikisubiri cheche. Kabati la mtungi liwe la mtungi peke yake, na lipitishe hewa chini kabisa kwenye usawa wa sakafu na juu pia. Ukitumia milango ya mbao zenye mianya kama ile tuliyomweleza msomaji wa Sinza, umeshamaliza kazi. Sakafu iwe ya zege, juu kidogo ya ardhi, mtungi usimame wima. Mtaro wa maji, tundu la karo, swichi na mashine ya AC viwe mbali, mita moja na nusu na kuendelea.

Kufuli litoke. Siku ya moto unahitaji kuifunga vali kwa mkono mmoja bila kutafuta funguo. Ukihofia wizi, funga mtungi kwa mnyororo shingoni na uache vali ifikike. Mpira usipitishwe ukutani, saruji inausaga mahali usipopaona. Sehemu inayopita ukutani iwe bomba la shaba lililovishwa ala, lifungwe na fundi wa gesi, na maungio yapimwe kwa povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi.

Jenereta usiifungie. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua watu waliolala. Iwe mita 6 kutoka kwenye mlango au dirisha lolote, hata la jirani, na bomba la moshi lielekezwe kusikokuwa na watu. Kinachoruhusiwa ni paa la bati juu ya nguzo nne, na pazia la mbao zenye mianya upande mmoja tu unaoelekea barabarani, mita moja kutoka kwenye mashine. Sauti haitapungua sana kwa pazia. Ukitaka utulivu, iweke juu ya mpira mnene na uisogeze mbali. Petroli ikae kwenye dumu la mafuta lililofungwa vizuri, kivulini, mbali na jenereta na mbali na mtungi.

Je, tunaweza kufunika mita ya umeme na ya maji? (Msomaji, Temeke)

Mita ya umeme mnaweza kuiwekea kijumba chenye mlango wa bawaba usio na kufuli, kilichoshikwa na ukuta wenyewe. Msitoboe wala kufunga chochote kwenye boksi la TANESCO, na lakiri isiguswe. Mita ya maji inasomwa na DAWASA, hivyo mfuniko uwe mwepesi wa kuinuliwa kwa mkono mmoja na mbele yake pabaki nusu mita ya kuchuchumaa. Msijaze maua ya miiba hapo.

Nilitengenezewa fremu za chuma za kuficha AC na pampu. Mwaka haujaisha, kutu imetokea kwenye kila kiungo, na miguu imelika usawa wa ardhi. Fundi anasema ni bahari. (Msomaji, Kunduchi)

Fundi amesema nusu. Chumvi ya bahari inaharakisha, lakini kutu yako imeanzia penye kuchomelea na penye kugusa ardhi, na sehemu zote mbili ni za ufundi.

Tazama kiungo kimoja kwa karibu. Ukiona vipele vyeusi vinavyobanduka kama magamba, hayo ni mabaki ya uchomeleaji ambayo hayakugongwa na kusuguliwa kabla ya rangi. Rangi ilishika gamba, gamba likadondoka, chuma kikabaki uchi. Na kama bomba lilikuwa la mabati, moto uliunguza zinki pale pale panapohitaji kinga zaidi.

Kwa matengenezo: gonga magamba yote, sugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, futa vumbi na osha chumvi kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, acha kikauke kabisa. Paka praima ya zinki mikono miwili siku hiyohiyo, usiache chuma kikeshe wazi, maana unyevu wa usiku wa pwani unaotesha kutu hadi asubuhi. Kisha rangi ya mafuta mikono miwili, kila mkono ukauke kama kopo linavyoelekeza. Toboa tundu la milimita 8 kwenye sehemu ya chini kabisa ya kila bomba la mraba, na ziba ncha za juu. Bomba lililojaa maji linaoza kutoka ndani na hakuna rangi ya nje itakayoliokoa.

Miguu ikatwe pale ilipolika. Ichomelewe bamba la sentimita 10 kwa 10 lenye unene wa milimita 5, lifungwe kwa bolti juu ya kitako cha zege kilichoinuka sentimita 10 kutoka ardhini, na zege lenyewe liwe na mteremko ili maji yasituame kuzunguka bamba. Chuma kilichozikwa ndani ya zege huanza kuliwa pale kinapochomoza.

Kama unaanza upya, kwa umbali huo wa bahari tungechagua aluminiamu iliyopakwa rangi kiwandani, inayokatwa na mafundi wa madirisha, na skrubu za chuma cha pua. Inagharimu zaidi mwanzoni. Hata hiyo iogeshe kwa maji baridi kila mwezi, hasa kipindi kirefu kisicho na mvua, kwa sababu mvua ndiyo inayosuuza chumvi.

Kuna mfuniko wa zege wa karo la maji taka katikati ya uwanja. Nimepata kabati kubwa la chuma, naweza kuliweka juu yake nikapata stoo na kuficha mfuniko kwa pamoja? (Msomaji, Mbagala)

Usiliweke. Mfuniko huo haukumwagwa kubeba kabati lililojaa, na hewa ya ndani ya karo hula zege na nondo kutoka chini ambako huoni. Ukikatika, kabati litashuka shimoni pamoja na aliyelishika. Vilevile siku gari la kunyonya litakapokuja, mtalazimika kuhamisha kila kitu. Kabati lisimame mita moja nje ya ukingo wa karo. Juu ya mfuniko weka vyungu viwili vitatu vyepesi vya plastiki ambavyo mtu mmoja anaweza kuvisogeza, na bomba la kupumulia karo liachwe wazi, lipande hadi juu ya paa.